Jina la Mama Grace Onyango lipo ukutani. Kazi yake iko wapi?

Kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kisumu. Kwa Baraza la Kitaifa la Mashujaa. Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Na kwa kila mtumishi wa umma anayeshika ufunguo wa stoo yenye majalada ya mabaraza ya miji yaliyovunjwa.

KUH: KUMBUKUMBU ZA KAZI YA MAMA GRACE ONYANGO

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Masomo ya Jamii hapa Kisumu. Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 kwamba meya wa kwanza mwanamke katika Kenya alikuwa wa mji wetu, Mama Grace Onyango, mwaka wa 1965, na kwamba mwaka wa 1969 mji huohuo ulimtuma Bungeni akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge tangu Uhuru. Waliandika. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto ambaye kwa kawaida hata ukimuuliza jina lake hulitaja kwa sauti ya chini, akainua mkono.

"Sawa, mwalimu, alikuwa wa kwanza. Sasa alifanya nini?"

Nilirudia miaka ile ile miwili. Nikaongeza kwamba aliwafungulia wanawake njia. Yule mtoto akatikisa kichwa kwa adabu, na nikaona wazi kwamba hajajibiwa. Alitaka kujua kazi. Mtu akiingia ofisini asubuhi, akaketi kwenye kiti cha meya, anashika nini, anakataa nini, anabishana na nani, jioni anaacha nini kimekamilika? Nilimwahidi jibu baada ya wiki moja. Muhula umekwisha, mwingine umeanza, na jibu lenyewe sina.

Nawaandikia kwa sababu nimetafuta nikafika mahali ambapo mwalimu peke yake hawezi kupita. Kilichobaki kiko mikononi mwenu.

Nianze kwa kuwatendea haki. Jina halikusahauliwa. Kituo cha kijamii cha mjini kinaitwa Mama Grace Onyango, na kila siku watu huingia humo kwa mikutano, harusi na mazoezi. Alipofariki Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 98, salamu za rambirambi zilitoka kila upande wa nchi. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ikifika, jina lake husomwa. Hayo ni mema na ninayashukuru. Lakini jina likisomwa kila mwaka bila kazi iliyolipa jina hilo uzito, mwishowe watoto hulisikia kama wanavyosikia jina la barabara.

Yanayojulikana kumhusu, tuseme kwa ufupi. Alizaliwa 1924 upande wa Sakwa, Bondo. Alisoma Ng'iya, shule ya wasichana ya kimisheni, akawa mwalimu. Alifanya kazi na vijana wa kike wa skauti kabla ya kuingia katika siasa. Aliingia baraza la mji kama diwani mwaka wa 1964, na mwaka uliofuata, meya aliyekuwapo alipofariki, kiti kikawa chake. Wazee wa hapa wangali wanamtaja kwa jina la utani, Nya'Bungu, binti wa kichakani, na wanalitaja kwa mapenzi.

Hebu sasa nikae kidogo na huo mwaka wa 1964, maana ndipo mambo yanapoanza kunisisimua, na ndipo mikono yetu inapoonekana mitupu.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 zilijaza Ziwa Victoria kwa namna ambayo haikuwa imeonekana katika kumbukumbu za vipimo. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili. Kiwango kilichopimwa Mei 1964 hakikufikiwa tena mpaka Mei 2020. Sisi tulioona maji ya 2020 yakimeza ufuo wa Dunga, tulioona watu wa Nyando wakilala madarasani na watoto wao, tunajua maana yake ni nini. Basi diwani mpya Grace Onyango aliingia barazani katika mwaka ambao ziwa lilikuwa juu kuliko wakati wowote uliopimwa. Mji wa bandari, mji uliozaliwa reli ilipofika ufuoni mwaka wa 1901, ulikuwa umekaliwa na maji. Madiwani walijadili nini? Waliamua watu wahamishwe wapi? Nani alipinga? Mwaka wa 2020 tulihangaika kana kwamba jambo hilo halijawahi kutupata, na huenda katika daftari la kumbukumbu za vikao vya mwaka ule kuna kurasa ambazo zingetusaidia. Sisemi zipo kwa hakika. Nasema hakuna aliyeweza kunionyesha mahali pa kuzitafuta.

Kisumu ya wakati huo ilikuwa mji mdogo. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 32,000 na ushei. Leo tunakaribia laki nne. Watu walijuana. Meya alipopita, walijua anatoka kwa nani na anaelekea wapi. Wanafunzi wangu hudhani uongozi wa mji mdogo ni mwepesi, nami nawaambia ni kinyume. Katika mji mkubwa unaweza kumnyima mtu leseni na usimwone tena maishani. Katika mji mdogo, unayemnyima leseni Jumatatu mtakutana kanisani Jumapili, na mkewe mtaketi naye matangani.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Meya wa siku hizo hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Walimchagua madiwani wenzake kwa kura mezani. Kwa hiyo mwanamke yule alihitaji kuaminiwa na wanaume walioketi naye chumba kimoja, waliomsikia akizungumza wiki baada ya wiki, waliojua udhaifu wake kama alikuwa nao. Heshima hiyo haiji kwa hotuba ya siku moja uwanjani. Huja kwa mtu kusoma makabrasha kabla ya kikao, kukumbuka kilichoamuliwa mwezi uliopita, na kujua wakati wa kunyamaza. Mimi, kwa mawazo yangu, naona kura ile ya madiwani ndiyo ushahidi mkubwa kabisa tulio nao wa uwezo wake, kuliko hata kura za 1969. Na ndiyo tunayoijua kidogo zaidi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuvaa joho na mkufu tu. Baraza la manispaa lilibeba maji, takataka, masoko, nyumba za kupanga, zahanati na shule za msingi. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea mabaraza ya kaunti ya wakati ule shule za msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970. Manispaa kubwa chache, Kisumu ikiwa mojawapo, zilibaki na majukumu hayo. Maana yake ni kwamba meya wa Kisumu wa miaka ya sitini alikuwa na sauti katika mambo yanayomgusa mtu tangu anapozaliwa mpaka anaposoma darasa la mwisho la msingi. Mwalimu aliyefundisha Ng'iya sasa alikuwa anaongoza vikao vinavyoamua shule ipi ijengwe na ipi ingoje. Je, alipigania madawati? Alipigania vyoo vya wasichana? Ningependa sana kujua. Nimekuwa nikifikiria jambo hilo kila nikiingia darasani.

Bibi yangu aliuza samaki soko la Jubilee. Alikuwa na mkebe wa majani ya chai ambamo alihifadhi vitu alivyoviona vya thamani: picha moja, rozari, na risiti kadhaa za ushuru wa soko, zimekunjwa mpaka mikunjo imekaribia kukatika. Tulipokuwa watoto alituonyesha moja akasema, "Hii ni ya wakati wa meya mwanamke." Hakusoma shule, lakini aliitambua karatasi ile kwa rangi na kwa alama aliyoitia yeye mwenyewe. Alipofariki, mkebe ule ulipotea katika pilikapilika za mazishi. Mpaka leo naujutia. Mwanamke asiyejua kusoma aliona risiti ya serikali ya mji wake inastahili kuwekwa pamoja na rozari. Sisi tunaojua kusoma tumeweka nini?

Twende 1969, maana hapo kimya chetu ni kizito zaidi. Tarehe 5 Julai waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi, akafa. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alikuja hapa kufungua hospitali ambayo watu wa Kisumu wanaiita Russia mpaka leo, pakatokea vurugu, walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Watu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hata sasa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Na tarehe 6 Desemba, kabla matanga hayajaisha katika nyumba nyingi, watu wakaitwa kupiga kura. Katika hali hiyo, wapiga kura wa mji huu walimchagua Grace Onyango. Bunge lile lilikuwa na majimbo 158. Kati ya wote 158 waliochaguliwa, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Nawaomba mlifikirie hilo taratibu. Mji uliojeruhiwa, wenye hasira na hofu, ungeweza kumtafuta mwanamume wa sauti nzito. Ulimtafuta mtu uliyemjua kwa kazi. Sina sababu nyingine ya kueleza matokeo yale, na kama ipo, basi imo katika vichwa vya wazee wachache waliobaki waliopiga kura siku hiyo. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka ule, umri wa kupiga kura wakati huo, sasa amepita sabini na tano. Kila mwezi unaopita tunazika mmoja wao. Mwezi Julai 2025 tulimpoteza Mama Phoebe Asiyo, aliyepeleka Bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi mwaka wa 1997 na ikaangushwa. Chelagat Mutai, mbunge mwingine wa zama zile, aliondoka 2013. Kizazi kile kinaondoka na sisi hatujawasha kinasa sauti.

Bungeni alikaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwaka wa 1974 wengine walimfuata: Chelagat Mutai kutoka Eldoret Kaskazini, Julia Ojiambo kutoka Busia, Nyiva Mwendwa kutoka Kitui. Alikalia kiti cha Spika kama naibu wa muda, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Uwaziri hakupewa, nchi hii ilingoja mpaka 1995 ndipo ikapata waziri mwanamke, Nyiva Mwendwa.

Lakini kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuwafundisha wanafunzi wangu kuhusu miaka yake ya Bunge, ningechagua 1975. Mbunge J. M. Kariuki alitoweka Machi mwaka huo, na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale ichunguze mauaji yale. Grace Onyango alikuwa mmoja wa wanakamati. Kumbukeni ulikuwa wakati gani. Mwenzao katika kamati, Martin Shikuku, alikamatwa Oktoba mwaka uleule ndani ya majengo ya Bunge pamoja na Jean-Marie Seroney, wakawekwa kizuizini. Kuketi katika kamati ile hakukuwa jambo la kujipamba. Mtu aliondoka nyumbani asubuhi bila hakika kwamba atarudi jioni. Ripoti yao iliwasilishwa Juni, na imebaki mojawapo ya nyaraka nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa na Bunge la Kenya. Jina la mwalimu kutoka Sakwa limo humo.

Hilo nalo tunalitaja mara ngapi? Tunapenda "wa kwanza" kwa sababu ni sifa isiyomgusa mtu. Haimuudhi yeyote. Ukisema alikuwa wa kwanza, unaweza kuketi chini na wote wakapiga makofi. Ukisema aliketi katika kamati iliyochunguza mauaji, itabidi ueleze aliyeuawa ni nani, na kwa nini, na ripoti ilifanywa nini. Kazi ina makali; cheo hakina. Nami nahofia kwamba kwa miaka mingi tumewasifu wanawake hawa kwa njia inayowanyang'anya makali yao.

Sasa niseme kilichonipata nilipotafuta. Nilikwenda ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Nilibeba barua ya shule. Nikaambiwa rudi Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa mhusika yuko kwenye semina. Mara ya tatu, kijana mmoja mwenye roho nzuri alinieleza ukweli: majalada ya zamani yalihamishwa mabaraza yalipovunjwa 2013, yakapelekwa stoo, aliyekuwa anaijua stoo hiyo amestaafu, na paa lake linavuja. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli kwa muda. Niliwaza kwamba huenda mita chache kutoka pale niliposimama, sahihi ya Grace Onyango ilikuwa inalowa.

Waheshimiwa wa kaunti, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne iliwapa ninyi maktaba na makumbusho ya kaunti. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Sidai fadhila. Ninachoomba kwanza ni hesabu: mtu mmoja mwenye ujuzi wa nyaraka atumwe katika kila stoo iliyorithiwa kutoka baraza la zamani, aandike kilichomo, miaka gani, hali gani. Kabla ya kompyuta, kabla ya sherehe, kabla ya hata senti moja ya ukarabati mkubwa. Orodha tu. Halafu vitabu vya kumbukumbu za vikao vya 1964 hadi 1969 vitolewe vipelekwe mahali pakavu. Vikiwa vizima, vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Simu ya kawaida yenye kamera nzuri inatosha kuanzia; wanafunzi wangu wanaweza kuwafundisha namna ya kupanga picha hizo.

Wazee nao hawawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Wako madiwani wa zamani, makarani waliochapa barua kwa taipureta, wauza samaki, makuli wa bandarini, walimu wa shule za manispaa. Waulizwe. Waulizwe kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kigujarati ikibidi, maana Kisumu ya wakati ule ilikuwa pia ya maduka ya Wahindi na familia zao zingali zinakumbuka. Na tafadhali, msiwaulize kama alikuwa shujaa. Watajibu ndiyo na mazungumzo yataisha. Waulizeni walibishana naye juu ya nini. Nawahakikishia watazungumza mpaka chai ipoe. Mtu aliyeongoza vikao vya ushuru na leseni kwa miaka lazima aliwakasirisha wengi, na katika hasira zile ndimo kazi yake ilimo. Sitaki picha takatifu. Nataka mtu mzima, aliyekosea penye makosa, ili msichana wa dawati la nyuma ajue kwamba hata yeye anaweza kukosea na bado akaongoza.

Kwa wenzetu wa mitaala nina ombi fupi. Katika vitabu vingi ninavyofundishia, wanawake wa uongozi huwekwa katika kisanduku pembeni, picha na mstari mmoja, "mwanamke wa kwanza kuwa hivi". Wekeni kazi. Hotuba za Grace Onyango Bungeni zimo katika kumbukumbu rasmi za Bunge tangu 1970. Chagueni tatu au nne, zitafsiriwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto wa miaka kumi na nne, waachieni watoto waamue kama alijenga hoja vizuri. Huo ndio uraia tunaodai kufundisha.

Na Baraza la Mashujaa, ambalo lipo kwa mujibu wa sheria ya 2014, lisitazame miji mikubwa tu. Simwandikii Grace Onyango peke yake. Ahero ilikuwa na mwanamke aliyeingia barazani kwanza. Muhoroni vilevile. Bondo, Ugunja, Kendu Bay, Awasi, kila mji mdogo una mama mmoja aliyekuwa diwani, au chifu mdogo, au karani wa kwanza wa mahakama, au afisa wa kilimo aliyepanda baiskeli kwenda kwa wakulima wanaume waliomcheka kabla ya kuvuna. Hao hawana hata kituo cha kijamii chenye majina yao. Anzeni daftari. Kila wadi ilete jina moja na ushahidi wa kazi moja aliyoifanya. Kazi moja tu.

Mtaniuliza, mwalimu, haya ya zamani yana faida gani leo? Faida yake naiona kila nikipita nje ya jengo la bunge la kaunti. Nchi hii ina wadi 1,450. Mwaka wa 2013 wanawake waliochaguliwa na wadi walikuwa 82. Mwaka wa 2017 wakawa 96. Mwaka wa 2022 waliongezeka tena, na bado hawakufika mmoja katika kila kumi. Hao wengine mnaowaona ndani ya mabunge ya kaunti waliteuliwa ili kanuni ya thuluthi mbili itimie, yaani jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe, na wengi wao wanachukuliwa kama wageni: hawana wadi, hawana fedha za wadi, na wakisimama kuzungumza husikia minong'ono kwamba hawakupigiwa kura na mtu. Nimezungumza na mmoja wao. Aliniambia amekaa miaka mitatu akisoma miswada mpaka usiku, na amepeleka marekebisho yaliyopita, lakini nyumbani kwao wanamuuliza, "Wewe hasa huwa unafanya nini kule?"

Ni swali lilelile la mwanafunzi wangu. Mwanamke wa 1965 na mwanamke wa leo wanaulizwa swali moja, na wote wawili wanakosa jibu kwa sababu ileile: hakuna anayeandika kazi yao mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuisoma. Kwa hiyo mnapookoa majalada ya zamani, anzeni pia majalada mapya. Karani wa bunge la kaunti atoe kila baada ya miezi mitatu karatasi rahisi, kwa Kiswahili na Dholuo, inayoonyesha kila mwakilishi, aliyechaguliwa na aliyeteuliwa, alileta hoja gani, alirekebisha mswada gani, alihudhuria vikao vingapi vya kamati. Ibandikwe kwenye ofisi za wadi, masokoni na katika kituo hicho chenye jina la Mama Grace. Wanaofanya kazi watajulikana. Wasiofanya nao watajulikana, wawe wanawake au wanaume.

Kuhusu mchujo wa vyama sitasema mengi, kwa kuwa wako waliosema vizuri kuliko mimi. Ila nitasema hili: msichana anayesoma kwamba Grace Onyango aliketi katika kamati ya 1975 bila kutetemeka, kisha akaona mgombea mwanamke katika mtaa wake akirushiwa mawe na maneno machafu kituo cha kupigia kura, anajifunza kutoka kwa lile aliloliona, si lile aliloandikiwa ubaoni. Walio na mamlaka juu ya vyama na usalama wanajua la kufanya. Walifanye.

Makumbusho ya Kisumu yapo tangu 1980. Ndani yake kuna boma la asili, samaki, nyoka na ala za muziki, na watoto hupenda sana kwenda. Ningefurahi siku moja kuwapeleka kwenye chumba kidogo ndani yake chenye meza ya baraza, kiti, daftari la kumbukumbu za vikao lililofunguliwa ukurasa wa mwezi mmoja wa 1966, na sauti ya mzee fulani wa mtaa akieleza siku aliyogombana na meya juu ya ushuru. Hakuna sanamu. Meza, kiti, daftari, sauti. Gharama yake ni ndogo kuliko jukwaa la sherehe za siku moja.

Ninajitolea. Likizo ya Aprili nina wiki tatu, na wanafunzi kumi na wawili ambao wazazi wao wamekubali kwa maandishi washiriki. Tumenunua glavu, barakoa za vumbi, madaftari na penseli, kwa kuwa nimesoma kwamba kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za zamani. Tunajua kuandika lebo. Yule msichana wa dawati la nyuma ndiye aliyechora fomu tutakayojazia: tarehe, kikao, hoja, aliyeitoa, aliyepinga, kilichoamuliwa. Safu ya mwisho ameiandika kwa mkono wake, "Meya alisema nini."

Tunachohitaji ni mtu wa kutufungulia mlango. Tunaweza kufika siku yoyote mtakayotaja, saa mbili asubuhi.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa Masomo ya Jamii, Kisumu